Tumestaafu, tumegeuza Kosta kuwa nyumba tukaenda kusalimia ukoo Tabora na Kigoma. Kumbe kulala kwenye gari ni tusi!

#1 Mzee wa Kosta (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaamkia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeshika chaki miaka 34. Mke wangu ni nesi mstaafu. Tunaishi Kibaha, ila mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge na mwenzangu ni Muha wa Kasulu. Miaka yote tukiwa kazini, kwenda nyumbani kulikuwa na sababu mbili tu, msiba au Desemba, na mara nyingi msiba. Unashuka kwenye treni umevimba miguu, unazika, unalala siku mbili kwenye mkeka mmoja na watu tisa, ruhusa inaisha, unarudi. Nina wajomba niliowaona mara nne maisha yangu yote, na mara tatu kati ya hizo tulikutana makaburini.

Mafao yalipotoka (kikokotoo cha pensheni tuache, kina uzi wake na matusi yake) tukakubaliana: kabla ya kufikiria kuku wa mayai, tuwazungukie watu wetu wakiwa hai. Ila tuende bila kuwa mzigo. Mnajua wenyewe mgeni akifika, baba mwenye nyumba anahama kitanda chake, watoto wanalala sebuleni, kuku wawili wanakufa. Halafu mke wangu ana sukari, anachoma insulini, na insulini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Huwezi kwenda nyumba saba ukiomba friji.

Nikanunua Kosta iliyostaafu daladala, mwili umechoka lakini injini ni 1HZ, hiyo ukiipa oili safi inakuzika. Nikang'oa viti, nikabakisha sita. Fundi seremala wa hapa mtaani akanitengenezea kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, chini yake makabati. Jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji la lita 100, friji ndogo ya volti 12, pazia. Rangi nikachagua buluu. Hiyo rangi nitaisimulia, niliijutia.

Tukalala Dodoma, tukalala Itigi kwenye kituo cha mafuta chenye mlinzi, siku ya tatu saa tisa alasiri tuko Tabora, Ng'ambo, kwa shangazi yangu, mdogo wake marehemu baba. Vigelegele, machozi, wali, kuku. Ikafika saa tatu usiku. Nikanyanyuka kwa adabu zote nikasema, "Shangazi, sisi sasa tunakwenda kupumzika."

"Wapi?"

"Kwenye gari. Tumekuja na kitanda chetu ili tusiwasumbue."

Wakuu, ile sebule iliyokuwa na kelele za watu kumi na tano ilinyamaza hadi nikasikia friji la jirani. Shangazi akaniuliza taratibu, "Baba yako alipofariki ulilala wapi?" Nikasema hapa. "Alipokuwa hai ukija likizo ulilala wapi?" Hapa, shangazi. "Sasa nyumba yangu imekufanya nini?"

Naendelea, nipumzishe vidole.

#2 Kapuku Original

Shikamoo mzee. Nimeweka mkeka hapa, chai na karanga ziko pembeni. Usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu ID inakufa.

#3 Mnyamwezi Halisi

Mwangaluka mzee wangu. Nakuheshimu ila shangazi yuko sahihi asilimia mia. Mgeni kulala uani wakati nyumba ina vyumba ni kumtangazia mwenyeji mtaa mzima kwamba ana kunguni. Majirani wanachungulia asubuhi wanaona mtu mzima anashuka kwenye gari na mswaki mdomoni. Watasema nini? Watasema kafukuzwa.

#4 Mtani wa Pwani

Nyie Wanyamwezi kubeba mizigo hamtaacha! Mababu zenu walibeba pembe za ndovu toka bara hadi Bagamoyo kwa mabega, wewe umeona haitoshi, umebeba kitanda, jiko na mke toka Pwani kurudi Unyanyembe. Sisi Wazaramo tukistaafu tunakaa barazani tunakula ada za ngoma.

#5 Mzee wa Kosta

Mtani umeniweza. Ila mababu zangu walilipwa, na waliobaki barazani ndio hao leo wanauza viwanja vya urithi.

Mnyamwezi Halisi, mwangaluka. Hicho ulichosema ndicho nilichoambiwa, neno kwa neno, isipokuwa shangazi alisema mbuzi badala ya kunguni: "Anayelala uani ni mbuzi."

Basi usiku ule tukalala ndani, kwenye kitanda chake yeye mwenyewe, naye akalala na wajukuu. Yaani kile kile nilichokikimbia. Saa kumi na moja alfajiri nasikia mke wangu anafagia uwanja. Ana miaka 60, magoti yanauma, lakini ni mke wa mtoto wa nyumba hii, atafanyaje?

Asubuhi kikaitwa kikao. Mwenyekiti alikuwa baba yangu mdogo, mstaafu wa reli, mtu anayejua kila stesheni ya reli ya kati kwa mpangilio na hawezi kuanza hoja bila historia. Akatukumbusha kwamba mwezi Januari 1958 TANU ilikaa hapa hapa Tabora ikiwa karibu kupasuka: wapo waliotaka kususia uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, na ukaitwa Uamuzi wa Busara. "Sasa na sisi," akasema baba mdogo, "tupige kura tatu." Usiku wa kwanza umeshalala ndani, hiyo kura ni ya shangazi. Usiku wa pili mlale kwenye gari, kura ya wageni. Usiku wa tatu, kura ya Tabora: atalala kwenye gari yule ambaye ukoo utamchagua.

Mnadhani walimchagua nani?

#6 Mama Wawili

Shangazi!!! Sema ni shangazi, nakuomba.

#7 Mzee wa Kosta

Ni shangazi. Ana miaka 78. Aliingia na khanga mpya, tasbihi na chupa yake ya chai, akalala na mke wangu kwenye Kosta, mimi nikabaki chumbani kwake nikitazamana na picha ya marehemu mume wake. Usiku kucha nasikia wanacheka. Asubuhi akawa wa mwisho kuamka, akafungua pazia, majirani wanapita kwenda sokoni, akawa anawasalimia dirishani mmoja mmoja kama waziri.

Toka siku hiyo gari likawa halali.

#8 fundi_geji

Mzee wangu shikamoo. Kitaalamu, umeme ulikuwaje? Friji la volti 12 saa 24 linakula, na betri ya kawaida ya gari haichukui muda inakufa.

#9 Mzee wa Kosta

Marahaba fundi. Paneli ya wati 300 juu, betri ya pili N200 peke yake, imetenganishwa na ya kuwashia gari. Dodoma na Itigi hakuna tabu, jua la kumwaga.

Shida ni Tabora. Ule mji ni miembe mitupu, na kila mwenyeji akikupenda anakwambia, "Leta gari hapa kivulini." Kivulini paneli inakuwa pambo. Ukilitoa juani wanakuja vijana wawili wanalisukuma tena chini ya mwembe kwa nia njema kabisa. Siku ya pili jioni friji lilikuwa limefika nyuzi 13. Tukakimbiza insulini kwa duka la dawa la jirani, wakatuhifadhia usiku. Kesho yake nikafunga hendibreki, nikatia jiwe kila tairi, nikamweka mjukuu wa shangazi kuwa mlinzi wa jua kwa ujira wa soda.

Mafuta: lita moja ilinipeleka kilomita 6 hadi 7 kwenye lami. Vumbi linakula zaidi. Mizunguko yote kwenda na kurudi ilikaribia kilomita 3,000, piga hesabu mwenyewe kwa bei ya kwenu.

#10 nusu_mkate

Samahani wakuu, mimi ni yule wa maswali magumu. Choo?

#11 Mzee wa Kosta

Ndoo yenye mfuniko wa kubana na gunia la maranda ya mbao. Kila ukimaliza unamwaga maranda, harufu hakuna. Unachimbia shimo ukifika. Tuliitumia usiku tu, kwingine kote kuna vyoo vya watu. Swali linalofuata.

#12 Mdadisi wa Njia

Askari wa barabarani je? Kosta bila abiria wanakuacha?

#13 Mzee wa Kosta

Wapi! Kila kituo: "Abiria umewashushia wapi? Leseni ya njia iko wapi?" Naeleza ni gari binafsi, naonyesha kadi na bima, haamini. Mmoja akapanda mwenyewe akakague, akafunua pazia, akamkuta mke wangu amelala na miwani puani. Akashuka kinyumenyume: "Samahani mama, endelea." Hakuuliza tena hata leseni yangu.

Ngoja niende Sikonge sasa, maana kule ndiko nilikozaliwa.

Sikonge ni nchi ya miombo na mizinga. Tulifika Julai, asali inavunwa, viazi vimechimbwa, kila uwanja umeanikwa matobolwa na michembe. Kwa msiojua: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa, michembe inakatwa mibichi. Mtu akikuchanganyia hivyo viwili huyo si wa kwetu. Tulikaa siku nne. Kaka zangu, watoto wa baba mkubwa, walinionyesha mpaka wa shamba la babu ambao nilikuwa naujua kwa barua tu, tukatembea na yule mmoja aliyebaki anayekumbuka kila mti wa alama. Nilifika kwenye mzinga wa baba, gome la mti limeoza, kamba bado ipo.

Wakatupa madumu matatu ya asali ya lita 20. Hapo ndipo balaa. Kilomita chache nje ya kijiji dumu moja likavuja chini ya kitanda, na dirisha lilikuwa wazi. Nilidhani ni nzi. Kuangalia kwenye kioo, nyuki! Tukasimama, tukatoka mbio kila mtu upande wake, na wakati huo hatukuwa wawili tena. Hii sikuwaambia: ukiwa na Kosta kijijini wewe ni usafiri. Tulitoka Sikonge watu kumi na mmoja, kila mmoja ana shida yake mjini, hospitali, benki, mtoto wa shule, na mama mmoja ambaye hadi leo sijajua ni ndugu kwa nani. Wote tumekaa porini saa mbili tukiwatazama nyuki wanakula kitanda cha mninga.

#14 Mke wa mleta uzi (natumia ID ya mzee, kaenda msikitini)

Habari zenu wanangu. Nimesoma alivyoandika, nimecheka, lakini lazima nirekebishe.

Dumu halikuvuja. Yeye mwenyewe alilifungua kuonja njiani, akasahau kufunga. Nilimwambia.

Pili, anasema "tusiwe mzigo". Ni kweli tulibeba kitanda, lakini hakuna mahali alipobeba jiko langu la begani. Kila nyumba niliingia jikoni, nikasonga ugali, nikamenya, nikaosha. Silalamiki, ndiyo ndugu zangu. Ila nawaambia wanawake wenzangu jambo moja: katika miaka 35 ya ndoa, hii ndiyo safari ya kwanza nimekwenda kwa wakwe nikiwa na mlango wangu wa kufunga. Saa nane mchana, jua kali, nasema "nakwenda kuchoma sindano", naingia kwenye Kosta, nafunga, nanyoosha miguu nusu saa. Sindano yenyewe ni dakika mbili. Hakuna aliyeniuliza.

Shangazi usiku ule aliniambia mambo ya mume wangu ya utotoni ambayo nimeyaweka akiba. Na alipoona friji akadhani tunaficha bia. Nikamwonyesha insulini, akashika ile chupa ndogo, akasema, "Kumbe unalea mtoto mchanga humu."

Mzee anarudi. Kwaherini.

#15 Kapuku Original

Huyu mama apewe uzi wake mwenyewe. Mzee umevuliwa nguo hadharani.

#16 Mama Wawili

"Sindano yenyewe ni dakika mbili." Mama nimekuelewa kabisa. Natafuta ugonjwa wa kwangu.

#17 Mzee wa Kosta

Nimerudi, nimeona. Sina la kusema, dumu nilifungua mimi.

Tuendelee magharibi. Tabora hadi Urambo na Kaliua lami nzuri, mashamba ya tumbaku, mabani ya kukaushia. Halafu pori. Hapa ndipo rangi ya buluu ilinitokea puani. Mbung'o wanavutwa na vitu vinavyotembea, na wanapenda sana buluu na nyeusi, ndiyo maana wataalamu wanawategea kwa vitambaa vya rangi hizo. Mimi nimeleta kitambaa cha mita saba chenye magurudumu! Waliifuata Kosta kama watoto wanavyofuata gari la matangazo. Ukifungua dirisha sentimita moja wamo. Tulifunga kila kitu, joto ndani kama tanuri, mke wangu na taulo mkononi anapiga kushoto kulia.

Tulipopita sisi, kipande cha kuelekea Uvinza kilikuwa bado vumbi na mitambo, nilikwenda mwendo wa baiskeli. Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi ukilifikia unapumua. Uvinza tukasimama kununua chumvi ya zawadi. Watu hawajui, ile chumvi inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na imechemshwa pale tangu enzi za kale kabla ya mwarabu na mjerumani. Kwa Waha ukifika na chumvi ya Uvinza hujafika mikono mitupu.

Kidahwe tukakata kulia kwenda Kasulu. Ukweni.

Sasa sikilizeni ajabu. Kule kwetu kulala kwenye gari lilikuwa tusi. Ukweni lilikuwa neema! Katika familia ya mke wangu, mkwe mwanaume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Miaka yote nikienda Kasulu nilipelekwa kulala kwa jirani au nyumba ya wageni, na asubuhi nasubiri hadi mama atoke uani ndipo niingie. Safari hii Kosta ikaegeshwa nje ya uzio, si chini ya mwembe (nilihakikisha), mlango umeelekea barabarani. Mama mkwe, miaka 84, akaja hadi hatua kumi, akasimama upande, akasema bila kunitazama, "Mkwe wangu umejenga." Mimi naye hatujazungumza maneno mengi kuliko hayo kwa mwaka mzima.

#18 Binti Mwandiga

Mwakeye mzee, karibu Kigoma. Nimefurahi umeona tofauti. Watu wanafikiri desturi ni moja nchi nzima. Kwetu pia baba alikuwa anahangaika sana mashemeji wakija, nyumba ndogo, heshima kubwa. Gari lako lingemfaa.

Hivi ulikuta dagaa?

#19 Mzee wa Kosta

Mwakeye binti yangu. Dagaa nakuja.

Siku ya tatu Kasulu, asubuhi mapema, kijana kaja na pikipiki. Babu mdogo wa mke wangu, upande wa Buhigwe, amefariki usiku. Uwanja ukajaa. Usafiri wa kule mnajua, na watu wa kwenda walikuwa zaidi ya thelathini.

Shemeji yangu mkubwa hakuniomba gari. Alikuja akasimama mbele ya Kosta, mikono nyuma, akaitazama, akazunguka, akarudi. Akasema, "Shemeji, hivi hiki kitanda kinafunguka?"

Kinafunguka. Spana namba 13, bolti nane. Tukakitoa na godoro lake na makabati, tukaviacha uwanjani kwa mama mkwe. Friji tukaliacha mahali pake, bibi mmoja akalikalia. Kadi ya gari inasema abiria 26, naomba msinitake idadi. Mama mkwe akakaa siti ya nyuma kabisa, mimi mbele kabisa, heshima ikabaki palepale. Milima ile ya Buhigwe niliipanda kwa gia ya kwanza, nyuma wanaimba.

Siku mbili nilikuwa dereva wa msiba. Kuleta mchanga, kuleta maharage, kuleta mchungaji, kurudisha mchungaji. Tuliporudi Kasulu kitanda changu kilikuwa uwanjani palepale, kimefunikwa turubai, na katikati ya godoro kuku ametaga.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyesema "gari la mkwe". Wanasema "basi letu". Shemeji alipiga simu wiki iliyopita kuuliza basi letu linaendeleaje.

#20 nusu_mkate

Mzee hapa ndipo nakupinga. Umenunua gari kupumzika, umeishia kuwa kondakta wa ukoo. Ungebaki na treni, ufike na begi moja, hakuna wa kukuomba chochote. Halafu bima ya gari binafsi na watu thelathini, mlima wa Buhigwe, Mungu tu.

#21 Mzee wa Kosta

Kuhusu bima uko sahihi na sina utetezi. Ningepata ajali ningekuwa naandika uzi mwingine, au nisingeandika. Safari ijayo nitakodi gari la abiria lenye vibali vyake, nichangie mafuta.

Kuhusu kupumzika, muulize mke wangu. Yule babu mdogo ni wa kwake.

#22 Mke wa mleta uzi

Nitasema kwa kifupi. Tulipofika Kasulu, siku ya kwanza tu, nilimwambia mzee twende Buhigwe kwanza kabla hatujapumzika, sijui kwa nini. Tukaenda. Babu tulimkuta nje, kwenye kigoda, anavuta ugoro. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, akaomba asogezwe aishike Kosta kwa mkono. Akaipapasa kuanzia taa hadi mlango. Akauliza, "Ndani mnapika?" Nikasema ndiyo, nikamletea chai niliyoipika humo. Akanywa vikombe viwili. Akaniita kwa jina la mama yangu mara tatu nzima na mimi nikawa naitika.

Siku mbili baadaye ndiyo yale mzee aliyoeleza. Mimi nimezika wazee wangu wengi kwa kushuka kwenye treni. Huyu nilimpikia chai.

#23 Mama Wawili

😭 Mama yangu.

#24 Binti Mwandiga

Poleni sana mama. Mungu ampumzishe.

#25 Mzee wa Kosta

Tumepoa. Nimalizie Kigoma.

Tulishuka Ujiji kwa binamu wa mke wangu. Binti Mwandiga uliuliza dagaa: tulifika mbalamwezi imekomaa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanashona nyavu tu. Mwenyeji wetu aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyeuwasha mwezi. Akatutafutia migebuka, ikaungwa kwa mawese na ugali wa muhogo, nikala hadi mke wangu akanifinya chini ya meza.

Nilikwenda kwenye ile kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, miembe yake na jengo lake. Nilifundisha historia miaka yote nikiwaambia watoto "Ujiji, 1871", sijawahi kukanyaga. Stanley alitoka pwani kwa mguu akatumia miezi, akapita Unyanyembe, na mizigo yake ilibebwa na watu wa kwetu. Nilisimama pale nikamkumbuka mtani wa Pwani hapo juu. Kituo cha treni Kigoma nacho tulikipitia, reli ilifika 1914, na mimi ndiyo mara ya kwanza kukitazama bila kukimbilia behewa.

Ujiji tulilala kwenye gari usiku wote minne, hakuna aliyenuna, uwanja ni mdogo na nyumba imejaa, mwenyeji mwenyewe ndiye aliyesema, "Afadhali mmekuja na chumba." Kila uwanja na neno lake. Nilichojifunza ni kutotangulia kusema. Ukifika unaegesha, unaingia ndani, unakula, unangoja mwenyeji akuulize mtalala wapi.

#26 Binti Mwandiga

Kwa wanaopanga kuja: ulizeni pia kama ziwa limefungwa. 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti samaki wazaliane. Mkija kipindi hicho msitulaumu, mtakula maharage ya Kasulu, na ni matamu.

#27 fundi_geji

Mzee, springi zilirudi salama?

#28 Mzee wa Kosta

Zililala kabisa fundi. Tulikwenda na sukari, sabuni na vitenge. Tulirudi na asali, karanga gunia moja, matobolwa, mawese lita 40, migebuka iliyokaushwa, maharage, na kuku watatu hai, mmoja wao ni yule aliyetaga kwenye godoro, mama mkwe alisema huyo ameshachagua nyumba. Nyuma nilibadilisha bapa mbili nilipofika Tabora.

#29 Mdadisi wa Njia

Mzee kama safari imeisha, hiyo Kosta inauzwa? Niko serious, nina mteja wa camper.

#30 Mzee wa Kosta

Haiuzwi mkuu. Wakati wa kurudi tulilala tena Ng'ambo. Tulipofika Kibaha nikakuta khanga ya shangazi na tasbihi chini ya mto. Nikampigia kwamba umesahau vitu vyako. Akasema hakusahau.